Neno "labda" kando ya maji: uchambuzi wa kisa kimoja cha Materuni

Kisa hiki, cha familia iliyokwamishwa na maji ya ghafla kwenye maporomoko ya Materuni, kilitokea mwezi wa Desemba, siku mbili baada ya harusi yao. Mahali nimepataja, maana anayekwenda huko anahitaji kupajua. Watu nimewabadilisha: walikotoka, umri wa baadhi yao na namna walivyohusiana, na mwaka nimeuacha. Saa na mfuatano wa mambo viko kama nilivyoviandika kwenye daftari usiku ule ule. Mimi ni mwongozaji wa wageni na nilikuwa kwenye njia ile ile, na wageni wangu wawili. Siku zilizofuata nilikaa na karibu kila aliyekuwepo, mmoja mmoja, nikawasikiliza.

Mahali penyewe

Materuni ni kijiji cha Uru, kilomita 15 hivi kutoka Moshi mjini, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Ukipita kijiji unakutana na msitu. Maporomoko yenyewe yanashuka kama mita 80 kwenye ukuta wa mwamba na kutua kwenye bwawa lenye mawe, na maji yake ni ya baridi kali hata jua likiwa utosini. Ukiandikisha jina na kulipa kiingilio kijijini, unatembea kama dakika 45 kwa mwendo wa mtu mzima mwenye afya: kwanza katikati ya vihamba (mashamba ya familia za Wachagga) vya kahawa na migomba, ukivuka mifongo, yaani mifereji ya maji, kisha njia inakuwa nyembamba na kushuka korongoni. Wageni wengi huunganisha safari hii na kahawa. Wanaimenya, wanaikaanga, wanaitwanga kwenye kinu huku wakiimba, halafu wanainywa.

Kuna jambo moja la mlima huu ambalo mgeni halijui na mwenyeji amelizoea mno hata hakumbuki kulisema. Mvua nyingi za Kilimanjaro hunyesha kwenye ukanda wa msitu, kimo cha mita 2,000 na zaidi kidogo, na upande wa kusini ndio unaopata nyingi kuliko pande zote. Asubuhi mlima uko wazi, mchana mawingu yanapanda, alasiri juu kunanyesha. Wewe umesimama bwawani, jua linakupiga mgongoni, na maji ya mvua ambayo hujaiona yako njiani kukufuata. Mto ni mfupi na mlima ni mkali, kwa hiyo safari hiyo ya maji haichukui muda.

Waliokuwepo

Walikuwa watu 13, wageni wa pwani waliokuja kumwoza binti yao kwa Wachagga. Kiongozi wao alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwanamke wa miaka 60 na kitu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye akisimama watu wanasimama. Nitamwita Shangazi, kama walivyomwita wote. Walikuwemo watoto wanne, mdogo wao ana miaka saba. Alikuwemo pia mdogo wa bibi harusi, kijana wa miaka 19, hodari wa kuogelea baharini.

Mwongozaji wao alikuwa kijana wa miaka 22, mzaliwa wa pale pale, anayeijua njia kama kiganja chake. Alikuwa peke yake kwa watu wote 13.

Ilivyotokea

Walipanga kuondoka mjini saa 1 na nusu asubuhi. Chai ya wakwe, maagano, kumsubiri huyu na yule. Wakaondoka saa 4 na dakika 40. Tisa walijaa kwenye Noah, wanne wakapanda bodaboda mbili kwa mtindo wa mshikaki. Na dereva wa Noah walikubaliana atawasubiri mpaka saa 10 jioni.

Usiku uliopita ilikuwa imenyesha. Kwenye kipande cha udongo, mlima ulipokaza, Noah ilianza kurudi nyuma na kukaa upande. Dereva akagoma, na kugoma kwake ndiyo busara ya kwanza ya siku ile. Wakashuka, wakamalizia kwa miguu na watoto. Wakafika kijijini saa 6 na dakika 35 mchana, wamechoka na wana njaa.

Hapo palikuwa na uamuzi: maporomoko kwanza au kahawa kwanza. Wakachagua kahawa na chakula, na wakakaa zaidi ya saa nzima. Saa 8 kamili ndipo walipoanza kutembea.

Nilikutana nao saa 8 na dakika 40, mimi napanda na wageni wangu, wao wanashuka. Nilimwamkia Shangazi, nikawatakia matembezi mema. Niliona viatu vyao: kandambili nne au tano, na mama mmoja amevaa sendozi za ngozi zenye kisigino kifupi, bila shaka zile zile za harusini. Niliona pia wingu limekaa juu ya msitu. Nikapita. Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi, na nitalirudia hapa chini pia.

Walifika bwawani saa 9. Juu kulikuwa kunanguruma. Dakika 20 baadaye sita walikuwa ndani ya maji, na watatu (yule kijana wa miaka 19, binamu yake wa kike wa miaka 16 na dada mmoja mwenye ndoa) walikuwa wamevuka kijito kinachotoka bwawani, maji ya muundini, kwenda kupiga picha juu ya jiwe kubwa la ng'ambo.

Saa 9 na dakika 35 maji yakabadilika rangi. Mtoto wa miaka saba ndiye aliyeona kwanza, akamwambia mama yake, "Mama, maji yamekuwa chai ya maziwa." Kisha yakaja majani mabichi na vijiti. Mwongozaji akapiga kelele watu watoke. Waliokuwa ndani wakatoka wakikimbia, na katika kukimbia huko yule mama wa sendozi za ngozi akateleza juu ya jiwe lenye utelezi wa kijani, mguu ukajikunja chini yake. Kijito kilichokuwa cha muundini kikafika mapajani ndani ya dakika chache. Watatu wakabaki ng'ambo.

Bwawani sauti haivuki. Maporomoko yakinguruma unaweza kumpigia mtu kelele mita 10 tu na asisikie neno. Mwongozaji alifanya kazi yote kwa mikono: viganja chini, yaani kaeni, kisha kidole juu, kwenye mizizi ya mti uliokuwa nyuma ya jiwe, yaani pandeni pale. Kijana wa miaka 19 alikuwa ameshambeba binamu yake mgongoni ili avuke naye. Mwongozaji alisimama ukingoni, akapiga chini fimbo yake na kutikisa kichwa mpaka yule kijana akamshusha. Kisha akamtuma mvulana wa miaka 12, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, anifuate mimi.

Alinikuta kihambani kwa mzee mmoja nikiwaonyesha wageni mfongo. Wageni nikamkabidhi mzee. Saa 10 na dakika 5 nilikuwa bwawani na filimbi, na kamba ya mita 20.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutovuka. Shangazi alitaka kamba irushwe na kijana wake ajifunge kiunoni tumvute. Nilikataa. Mtu aliyefungwa kamba kiunoni kwenye maji ya kasi, kamba ikikaza, maji yanamlaza na kumbana chini, na nyie mnaovuta ndio mnaomzamisha. Tena kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Kijana aliyelelewa baharini ana kifua na pumzi, lakini hajawahi kukutana na maji yanayokwenda upande mmoja tu na yaliyojaa mawe, ambako mguu ukinasa kati ya mawe mawili hakuna wimbi la kukurudisha. Waliokuwa ng'ambo walikuwa juu, wazima, na hawakuwa na jeraha. Baridi ndiyo iliyokuwa ikiwauma, na baridi inavumilika kuliko mto. Niliwaonyesha kwa ishara wakumbatiane, mdogo katikati.

Uamuzi wa pili ulihusu namna ya kuyasoma maji. Nilichomeka kijiti ukingoni pale maji yalipofika, nikaweka na jiwe jeupe kando yake. Hii ni kazi ya dakika moja na ndiyo iliyotuongoza jioni nzima, kwa sababu jicho la mtu mwenye hofu linaona maji yanapanda hata yanaposhuka, na jicho la mtu mwenye haraka linaona kinyume chake. Kila dakika 10 tuliangalia kijiti, si nyuso za watu.

Wa tatu: kumtuma mtu kijijini, kwa maandishi. Simu hazikushika mtandao korongoni. Niliandika kwenye karatasi ya daftari: *watu 13, wote hai, watatu ng'ambo, mmoja mguu; tunahitaji wanaume sita, miti miwili mirefu, tochi, mablanketi, gari linalopanda.* Ujumbe wa mdomo ukipita kwa mtu aliyekimbia na mwenye hofu, unafika kijijini ukiwa msiba. Tuliomba pia mwenyekiti wa kitongoji awe na namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji tayari, endapo kijiti kingetuambia maji hayashuki.

Bwawani tulibakiza watu wanne tu, wa kutosha kwa kazi. Watoto na waliobaki tuliwapandisha mara moja, tukatoka nao kwenye korongo wakiwa wamevuliwa nguo mbichi na kufungwa kanga kavu.

Kanga zile! Wamama wa pwani hawasafiri bila kanga, na siku ile zilifanya kazi ya hospitali. Mguu wa majeruhi tuliuegemeza kwenye mwavuli uliofungwa, upande mmoja, na fimbo upande wa pili, tukaviringisha kanga ya kwanza kama pedi na kufunga na ya pili, juu ya kifundo na chini yake, tukiacha vidole wazi ili tuone kama vinabadilika rangi. Ya tatu ilikuwa blanketi. Jina la kanga moja nalikumbuka mpaka leo lakini silitaji, mwenyewe angejitambua.

Saa 10 na dakika 55 mawe yalianza kuonekana. Tukasubiri tena. Saa 11 na dakika 20, kijiti kikiwa kimebaki nchi kavu, urefu wa hatua mbili kutoka ukingo wa maji, mimi na mwongozaji tulivuka mahali papana chini ya bwawa, maji hayafiki goti. Tulirudi na wale watatu kwa makundi, watu wameshikana mabega kwa duara, uso ukitazama kule maji yanakotoka, mmoja anasogea wengine wamesimama.

Wanaume wa kijijini walishafika. Machela ilikuwa miti miwili iliyopitishwa kwenye mikono ya makoti matatu yaliyofungwa vifungo. Njia ile mtu mzima hapandishwi bila kupokezana, na walipokezana bila hata mmoja kuuliza atalipwa nini.

Saa 1 na nusu usiku tulikuwa barabarani. Noah ilikuwa imeondoka saa 10, kama walivyopatana. Bodaboda mmoja alijitolea kumbeba majeruhi katikati ya watu wawili. Nilikataa, wakakasirika, tukasubiri dakika 35 Land Rover ya mtu anayebeba ndizi.

Matokeo

Majeruhi alifika hospitali Moshi mjini saa 2 na dakika 50 usiku. Mfupa mmoja wa kifundo ulikuwa umepasuka bila kuachana. Akafungwa plasta ngumu (POP), akarudi kwao kwa magongo. Binti wa miaka 16 alitetemeka karibu saa mbili, akapona kwa uji wa moto na kulala. Wengine walikuwa na michubuko. Wale ambao gari halikuwatosha walikaa kwa bibi mmoja jirani na barabara, akawapikia mtori mpaka gari liliporudi.

Mwongozaji alinijia siku ya tatu akasema anaacha kazi.

Kilichokwenda vizuri, kilichoshindwa

Kuanzia saa 9 na dakika 35 na kuendelea, karibu kila kitu kilifanywa sawasawa, na mengi kati ya hayo yalifanywa na huyo huyo kijana kabla sijafika. Kilichoshindwa ni saa tano za nyuma yake.

Nilimwomba anitajie, neno kwa neno, kila alichowaambia wageni kuhusu mvua. Alikumbuka mara tatu. Kwenye kahawa: "Mama, kama mtapenda, tungeanza na maporomoko, jioni huwa inanyesha." Njiani: "Naona kama kunanguruma juu." Bwawani: "Labda tusikae sana."

Zitazame hizo sentensi. Kama mtapenda. Tungeanza. Naona kama. Labda. Alisema kweli mara tatu, na mara zote tatu aliifunika kweli hiyo kwa adabu mpaka haikuonekana. Hakuwa mwoga. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo tulivyolelewa sote: kijana wa miaka 22 hamwambii mama wa umri wa bibi yake "toka majini". Na Shangazi hakupuuza onyo. Nilipomuuliza alinijibu kwa unyoofu ulioniumiza: "Mwanangu, mimi sikuonywa. Mimi niliombwa, nami nikakataa ombi." Alikuwa sahihi kabisa. Alichosikia ni kijana mwenye heshima anayetaka kurudi nyumbani mapema.

Wapo wanaosema dawa ni vijana wajifunze ukali. Sikubaliani nao. Mwongozaji mkali kwa mzee atasikilizwa siku moja na kukosa kazi siku ya pili, na wageni hawatakuwa salama zaidi. Familia ile ile, siku mbili kabla, ilikuwa imemkabidhi binti yao kwa watu wengine, kwa maneno ya wazi na mbele ya mashahidi: sasa ni wenu, mtunzeni. Kukabidhi tunakujua. Basi sasa, kabla ya kuanza kushuka korongoni, pale njia inapoacha migomba, mwongozaji ninayemfundisha anamwendea mkubwa wa msafara, anamwamkia na kusema: "Shikamoo mama. Hapa juu wewe ndiye mkubwa wetu. Kule chini kuna maji, na maji yana sheria yake. Naomba unikabidhi familia mpaka turudi hapa, na uwaambie wewe mwenyewe." Mkubwa anageuka, anawaambia. Sijaona aliyekataa. Baada ya hapo neno "tokeni" si utovu wa adabu, ni mkubwa mwenyewe amelisema kwa kinywa cha kijana.

La pili ni saa ya kugeuka. Walikuwa na saa ya kuondoka, ya kula na hata ya gari kuondoka, lakini hawakuwa na saa ambayo ikifika kabla hawajafika bwawani wanarudi. Jua la Desemba linazama Moshi kama saa 12 na dakika 40, na korongoni giza linatangulia. Kwa msafara wenye mzee na watoto mimi nahesabu hivi: saa 8 mchana kama hamjaanza kushuka, mnakunywa kahawa, mnatazama mlima, mnarudi kesho. Na siku ambayo mmechelewa, maporomoko yanatangulia kahawa. Kahawa hainyeshewi.

Kuhusu usafiri nitasema kidogo. Watu tisa kwenye Noah chini ya mlima wenye udongo mbichi, na mshikaki kwenye mteremko huo huo, ni hatari iliyokuwa kubwa sawa na ya bwawani, ila haikuwa na bahati mbaya siku ile. Makubaliano na dereva yawe ya kwenda na kurudi, na sehemu ya pesa ibaki mkononi mwako mpaka mtu wa mwisho apande. Dereva hakukosa, aliambiwa saa 10.

Viatu. Kandambili ni kiatu cha mchanga. Udongo wa Kilimanjaro ukilowa ni sabuni, na mawe ya bwawani yana ute wa kijani usioonekana mpaka umeshaanguka. Raba kuukuu yenye meno inashinda sendozi mpya ya bei yoyote.

Na maji si adui pekee. Machi 2017 kwenye maporomoko ya Kintampo, Ghana, upepo wa mvua uliangusha mti juu ya watu waliokuwa wakioga chini. Walikufa wasiopungua 18, wengi wao wanafunzi. Radi ikisikika, kutoka majini hakutoshi. Unaondoka chini ya ukuta wa mwamba na chini ya miti mikubwa inayouzunguka.

Mwongozaji mmoja kwa watu 13 si kitu cha kumlaumu yeye. Angekuwepo wa pili, mmoja angesimama ng'ambo na asingeruhusu picha ya lile jiwe. Nami niliyepita saa 8 na dakika 40 nilikuwa wa pili huyo kwa dakika moja nzima, nikaona viatu, nikaona wingu, nikaamkia. Siku hizi nikikutana na msafara wa mwenzangu namvuta pembeni kwa salamu ndefu na kumwuliza kwa Kiuru, lugha yetu ya hapa, kama amewahesabu na saa ngapi atawageuza.

Kijana hakuacha kazi. Shangazi alimpigia simu kutoka pwani, wakaongea muda mrefu, sikuuliza waliongea nini. Kijana na mimi tunabishana mpaka leo juu ya jambo moja: zile dakika 25 tulizongoja baada ya mawe kuonekana. Yeye anaona tungevuka saa 10 na dakika 55, kwa sababu binti alikuwa anatetemeka na mwanga ulikuwa unaisha. Mimi nasema mto unaoshuka unaweza kupanda tena kama juu bado kunanyesha, na juu hatukuwa tunapaona. Amenijibu kwamba ndiyo maana sasa anabeba filimbi mbili, moja ya kwake na moja ya kumwachia mtu wa kihambani aliye juu zaidi, apulize akiona mvua inakuja.